Mimi Baba hakuniita kwenye bao, mjukuu wake amejiketisha mwenyewe: siku sita za likizo Jambiani

Mleta uzi

Assalamu alaikum, na salamu kwenu nyote. Likizo ya Juni iliyopita nilivuka na wanangu wawili kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, tukapanda gari la shamba hadi Jambiani, kijiji walikozaliwa wazazi wangu na nilikolelewa mimi, tukakaa huko siku sita bila ya kuwa na jambo lolote tulilolifuata: hapakuwa na harusi, hapakuwa na msiba wala mgonjwa. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu miaka yote ya nyuma nilikuwa nakwenda kwa shughuli tu. Nilifika na mchele na sukari, nikawaamkia wazee, nikahudhuria kilichonipeleka, na kesho yake nikaondoka. Wanangu walimjua babu yao kuwa ni mtu wa kupewa mkono na kukuuliza unasoma darasa la ngapi.

Binti yangu ana miaka 11 na mdogo wake wa kiume ana miaka 7. Siku ya kwanza, baada ya sala ya alasiri, Baba alitoa bao lake akaliweka barazani kama anavyofanya kila siku, akasubiri wenzake. Ni bao la mti wa mfenesi, alilochongewa kabla mimi sijazaliwa, na kete zake ni komwe, zile mbegu za kijivu za mkomwe, ambazo kwa kushikwa miaka mingi zimekuwa laini kama vifungo vya shati. Wenzake siku hiyo walikuwa wamekwenda mazikoni kijiji cha pili, na yeye alibaki kwa sababu goti lilikuwa linamsumbua. Alikaa peke yake, akizihamisha komwe kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Binti yangu alitoka ndani, akaketi upande wa pili wa bao bila ya kuitwa, akamwuliza, "Babu, na hizi mnazifanyaje?" Baba akamjibu, "Zinaliwa, mke wangu, lakini si kwa meno."

Nilikuwa mlangoni na sinia la chai, na nakiri kwamba nilitaka kumwondoa. Katika nyumba ile mimi nilikuwa mtoto wa kike, na kazi yangu kwenye baraza la bao ilikuwa kupeleka kahawa na kurudi ndani na vikombe vitupu. Hakuna aliyewahi kunikataza kukaa, ila hakuna aliyewahi kuniita pia, na mtoto wa enzi zangu aliyafahamu yote mawili kuwa ni kitu kimoja. Baba na mimi tumeishi kwa heshima kubwa: akiniuliza namjibu, akinituma nakwenda. Sijawahi kumtania Baba, na sijui ningeanzia wapi. Lakini mjukuu ana ruhusa ambayo mtoto hana. Kwetu babu humwita mjukuu wa kike mke wake, bibi humwita mke mwenzake, na mjukuu wa kiume ni mume wa bibi ambaye kila siku anadaiwa matumizi ya nyumbani. Utani huo niliuona maisha yangu yote nikadhani ni maneno ya kuchangamshana tu. Alasiri ile niliona kazi yake: binti yangu aliweza kumwambia babu yake "umeniibia kete mbili, hesabu tena," na yule mzee ambaye mimi sithubutu kumkatiza akizungumza akahesabu tena.

Baba alianza kumwonyesha bao lenyewe: safu nne za mashimo manane manane, safu mbili zako na mbili zangu, komwe 64, kila mtu na 32 zake. Halafu akamwonyesha nyumba, lile shimo la mraba lililoko safu ya mbele, la tano ukihesabu kutoka kushoto kwako. Mchezo unapoanza nyumba huwa na kete sita, mashimo mawili yanayoifuata upande wa kulia huwa na mbili mbili, na 22 zinazobaki unazishika mkononi na kuziingiza moja moja kila zamu yako inapofika. Huko ndiko kunamua. Nyumba ikiwa hai, yaani bado haijachotwa wala kuliwa, kete zako zikaishia humo katika hatua hiyo, una hiari ya kulala hapo, yaani kumaliza zamu yako, au kuichota yote na kuisambaza. Wachezaji husema nyumba inasafiri, na Baba alilisema neno hilo kama alivyozoea kulisema, wala hakutaraji kuulizwa.

Binti yangu akamwuliza, "Babu, nyumba itasafirije wakati ni nyumba?"

Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe aliisafirisha nyumba yake, na kwamba bao hakujifunzia Jambiani kama watu wanavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alivuka kwenda Pemba na vijana wenzake kuchuma karafuu, wakaweka dago, yaani kambi ya wachumaji, katika shamba la mtu, mchana wanapanda mikarafuu na kulipwa kwa pishi, usiku wanakaa kuchambua karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, kwa mwanga wa taa ya chemni. Kazi ikiisha, wazee wa Kipemba waliochimba vishimo 32 ardhini walicheza hapo hapo juu ya udongo, na yeye aliketi nyuma yao misimu miwili mizima kabla hajaruhusiwa kugusa kete. Alisema mzee aliyemfundisha hakuwa akimwambia neno, alikuwa akimpiga kidogo kwenye kifundo cha mkono kila alipokuwa anakwenda kukosea. Mimi nina miaka 43. Nilijua kwamba Baba alikwenda Pemba, ila habari za dago, za udongo na za yule mzee nilizisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza, nikiwa nimesimama na sinia, kwa sababu mtoto aliuliza swali juu ya neno moja la mchezo.

Kuanzia hapo ratiba ya siku zote ilijipanga yenyewe. Ilikuwa wiki ya bamvua, kwa hiyo asubuhi maji yalipokupwa Mama alishuka kwenye shamba lake la mwani, na wanangu walifuatana naye hadi maji yalipoanza kurudi. Mchana tulikula, tukalala kidogo. Alasiri hadi magharibi ilikuwa bao, na usiku baada ya isha ilikuwa vitendawili au karata juu ya mkeka. Simu sikuwakataza. Siku ya tatu niliikuta ya binti yangu juu ya kabati imezimika, na hakuuliza chaja.

Nataka kumzungumzia Mama pia, kwa sababu siku ya pili ndiye aliyenishangaza zaidi. Alikuwa ameketi mlangoni anasuka ukili, mgongo umeelekea barazani. Binti yangu alikuwa ananamua, akaona hana cha kula, akajiandaa kutakata, yaani kusambaza kete zake bila ya kula. Mama akasema, bila ya kugeuka sana, "Mke mwenzangu, huruhusiwi kutakata hapo, una cha kula kwenye kimbi cha kulia." Baba akaliinamia bao, akatazama kimbi cha kulia, yaani mashimo mawili ya mwisho ya safu ya mbele upande huo, na kweli kulikuwa na cha kula, na kanuni ya bao ni kwamba penye kula huna ruhusa ya kufanya lingine. Akamwuliza amejifunza wapi. Mama akamwambia, "Miaka hamsini mnapiga kelele mlangoni kwangu, nitakosaje kujua?"

Ningependa kusikia kutoka kwenu: wazee wenu wanacheza nini na wajukuu, na mlianzaje?

Mchangiaji kutoka Tanga

Dada, pole na safari na ahsante kwa simulizi hii. Kwetu bao halikuwepo, lakini bibi yetu, mama yake mama, alikuwa mtu wa karata, na mchezo wake ulikuwa wahedi sitini, yaani sitini na moja. Kwa ambao hawaujui, nane, tisa na kumi huondolewa zikabaki karata 40, nazo tunazihesabu hivi: ree (karata ya moja) ni 11, saba ni 10, mzungu wa nne (mfalme) ni 4, mzungu wa tatu (jeki) ni 3 na mzungu wa pili (malkia) ni 2, zilizobaki hazina kitu. Kila rangi inabeba 30, na rangi ni nne, kwa hiyo zote ni 120, na anayefikisha 61 ameshinda, ndiyo maana mchezo ukaitwa hivyo. Nilijua kujumlisha hadi 120 kabla sijaanza darasa la kwanza, na mwalimu wangu hakuweza kufahamu kwa nini mtoto wa miaka sita anajua upesi kwamba 11 na 10 na 4 ni 25.

Tulipokua ndipo tukaambiwa kwamba kopa, uru, pau, shupaza na turufu ni maneno tuliyoachiwa na Wareno, waliotawala pwani hii kwa muda mrefu na wakaacha ngome, nanasi na karata. Bibi hakuwa na habari na Wareno. Alijua tu kwamba mtu akikaa na saba ya turufu mkononi uso wake hubadilika, na alikuwa akitutazama nyuso zetu kuliko karata zake.

Jambo ninalotaka kuliongeza ni kwamba Bibi hakuwahi kutuachia tushinde. Baba yangu alikuwa akimwambia, "Mama, ni mtoto, mwachie," naye akijibu kwamba akimwachia leo, kesho mtoto atashinda kweli na hatajua kama ni kweli. Nilimshinda kwa haki nikiwa na miaka tisa, na sijasahau alivyoziweka karata chini polepole, akanipa mkono kama anavyopewa mtu mzima.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Nimesoma kwa makini, na naomba nitoe mtazamo tofauti, kwa nia njema. Katika nyumba niliyokulia karata hazikuingia kabisa, na hata bao lilitazamwa kwa wasiwasi, kwa kuwa marehemu babu alikuwa mtu wa dini na aliamini kwamba michezo ya namna hii humsahaulisha mtu sala na humzoesha kamari. Hatukumwona kuwa mkali. Alitukalisha akatusimulia visa, akatutega vitendawili, akatufundisha kusoma nyota za kuongozea jahazi, na tulikuwa na furaha kamili. Nahofia kwamba vijana wakisoma uzi huu watadhani nyumba isiyokuwa na bao wala karata haina uhusiano baina ya wazee na wajukuu.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, nakushukuru, na neno lako nalipokea. Kila nyumba ina mipaka yake, na mzee wa nyumba ndiye anayeiweka. Mimi nisingeingiza karata katika nyumba ya mzee asiyezitaka hata kama ninaona hazina ubaya. Kwa Baba pia ipo mipaka: hapachezwi kwa kuwekeana kitu chochote, hata peremende, na adhana ikianza kete hubaki zilipo. Siku ya nne adhana ya magharibi ilimkuta Baba amebakiza hatua moja tu amalize, kete ziko mkononi mwake, naye akazirudisha katika shimo alilozichota, akanyanyuka kwenda kutia udhu. Mwanangu mdogo alilihifadhi bao lile kwa kulikalia karibu asiguse mtu mpaka babu yake aliporudi msikitini.

Na kwa hizo nyota za jahazi mlizofundishwa ningetoa michezo yote ya karata niliyoijua. Kilichonigusa kwa Baba ni kwamba alipata mahali pa kukaa na mtoto wakiwa na jambo moja la kutazama wote wawili. Watu wa rika lake hawajazoea kumkalisha mtoto na kumwambia sasa tuzungumze. Bao lilimpa sababu ya kukaa, na mazungumzo yakaja yenyewe baadaye. Kwa babu yako naona nyota zilikuwa ndilo bao lake.

Mchangiaji kutoka Morogoro

Naomba maelezo ya kiutendaji. Baba mkwe wangu anacheza bao na ningependa wanangu wa miaka saba na minane wajifunze kabla hatujakwenda Desemba, lakini kila nikisoma kanuni za kunamua nachanganyikiwa. Huyo mdogo wako wa miaka saba aliwezaje?

Mleta uzi

Mdogo hakuanza na kunamua. Baba alimwekea bao la kujifunza, ambalo komwe zote 64 hupangwa mbili mbili katika mashimo yote 32, na mkononi hapana kitu. Zamu yako ikifika unachota shimo lako lolote lenye kete mbili au zaidi, unazigawa moja moja katika mashimo yako mwenyewe yanayofuata, kwa kuzunguka kulia au kushoto upendavyo. Kete ya mwisho ikianguka katika shimo la mbele lenye kete, na shimo la mwenzako linalotazamana nalo likawa na kete pia, unazila hizo za mwenzako na kuzisambaza upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni kabisa la safu ya mbele. Ikianguka katika shimo tupu, umelala, na zamu ni ya mwenzako. Ikianguka penye kete lakini hapana cha kula, unazichota zote hapo na kuendelea.

Mwanzoni mwambie mtoto jambo moja tu, kwamba atafute pa kula, na mengine myaache kwanza. Kuhusu kichwa na kimbi, kwamba ukila kwenye mashimo mawili ya mwisho ya upande fulani lazima uanze kusambaza kutoka kichwa cha upande huo huo, mtoto hukielewa akishakosea mara tatu nne mbele ya mtu asiyemkaripia. Baba alimwacha akosee, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akamwambia, "Rudi nyumbani." Niliposema awali kwamba yule mzee wa Pemba alikuwa akimpiga kwenye kifundo, ndiyo nikaona Baba amebaki na mkono wa mwalimu wake, ila ameupunguza nguvu.

Mtihani mkubwa kwa mtoto wa miaka saba ni kungoja. Mzunguko mmoja wa mtu mzima unaweza kuchukua muda, kete zinakwenda na kurudi, na yeye anatazama tu utajiri wake ukihama. Kwa hiyo Baba alimpa kazi ya kuhesabu kwa sauti kila kete inayoanguka. Siku ya tano alianza kuhesabu kabla kete hazijaanguka, na akasema, "Babu, ukichota hiyo utalala." Na alilala kweli.

Mchangiaji kutoka Muscat

Nawasalimu kutoka huku. Mimi ni mzaliwa wa Wete na wanangu wamezaliwa Oman, kwa hiyo kuonana na bibi yao uso kwa uso hutokea mara moja kwa miaka miwili mitatu. Huku upo mchezo uitwao hawalis, ambao ni ndugu wa bao letu, safu nne lakini mashimo saba saba, na wazee wa Kiomani huucheza kwa kuchimba mchangani. Mwanangu alipouona aliwaambia wenzake kwamba bibi yake ana mkubwa zaidi.

Mchezo wetu na bibi ni vitendawili kwa ujumbe wa sauti. Asubuhi bibi anatuma, "Kitendawili!" na wanangu wanajibu, "Tega!" kisha inakuja sauti yake: "Kuku wangu katagia miibani." Watoto wana siku nzima ya kufikiri, na usiku wanatuma majibu yao. Nanasi walilipata, kwa kuwa nilikuwa nimewasimulia jinsi linavyoota kati ya majani yenye miiba. Wakishindwa, bibi anasema, "Nipeni mji," na hapo ndipo penye raha yenyewe, kwa sababu wanangu hawana mji wa Pemba wa kumpa isipokuwa Wete, na Wete ni wake tayari. Wakampa Sur, mji wa pwani huku Oman. Siku ya pili ukaja ujumbe wa dakika sita: nilikwenda Sur, nikakuta wanaunda majahazi, nikakaribishwa halua, nikanywa kahawa, nikawauliza habari za wajukuu zangu wakaniambia wamekwenda skuli bila ya kula. Sur hajafika hata siku moja, ila baba yake alikuwa baharia na alifika. Majahazi yale aliyasimuliwa naye, na sisi hatukuwa tukijua.

Sasa wanangu wanashindwa kwa makusudi ili wampe mji. Wamempa Nizwa, Salalah na hata Dubai. Nimeanza kuzihifadhi zile sauti.

Mchangiaji kutoka Musoma

Huku kwetu bao lina heshima yake. Mwalimu Nyerere alikuwa akilicheza na wazee wenzake Butiama, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kutuambia ni mchezo wa wasiokuwa na kazi. Lakini babu yangu mimi alikuwa wa drafti, na kete zake zilikuwa vizibo vya soda, upande mmoja vimelala, upande mwingine vimesimama. Alipoanza kupoteza nuru ya macho tulidhani ndiyo mwisho. Dada yangu mdogo akavijaza vizibo vya upande mmoja nta ya mshumaa, ili babu avitofautishe kwa kidole. Alicheza miaka minne zaidi kwa namna hiyo. Nauliza tu, bao nalo linachezeka kwa asiyeona vizuri?

Mleta uzi

Linachezeka, na pengine kuliko drafti, kwa kuwa bao ni mchezo wa mkono. Baba haangalii kete anapochota, anajua kwa uzito na kwa kupapasa kama ni nne au tano. Nta ya mshumaa nimeipenda sana, mpe salamu dada yako.

Mama naye ana mchezo wake wa mkono, mdako. Jioni ya tano alichimba kishimo uani, akatia vijiwe kumi, akarusha kimoja juu, na kabla hakijarudi akavitoa vyote kwa kiganja, akakidaka. Akarusha tena, akavirudisha vyote akabakiza kimoja nje. Vidole vyake vimekakamaa kwa maji ya chumvi na ukili, na nilidhani havitakunjuka. Alifika kijiwe cha kumi bila ya kukosea. Binti yangu hakuvuka cha pili, na mume mdogo wa Mama, yaani mwanangu wa kiume, aliambiwa aende akatafute kazi.

Mchangiaji kutoka Tanga

Dada, samahani kwa kurudi. Umeeleza ya binti yako, ya mdogo wake na ya Mama. Je, wewe mwenyewe umecheza naye?

Mleta uzi

Nilikuwa sijakusudia kuliandika hili, lakini umeuliza kwa wema.

Usiku wa mwisho watoto walikuwa wamelala na mizigo iko tayari. Baba alikuwa anazirudisha komwe katika mfuko wake, anazihesabu mbili mbili kama kawaida yake, akapata 63. Akahesabu tena, 63. Nikachukua kurunzi tukaanza kuitafuta, yeye kwa goti lake bovu ameshika nguzo, mimi nimeinama chini ya mkeka, chini ya ndara, kwenye ufa wa baraza. Niliikuta ndani ya kikombe cha kahawa, kimoja katika vile ambavyo nilipaswa kuviondoa tangu magharibi na sikuviondoa.

Nilimpa. Hakuitia mfukoni. Alizimwaga zote tena juu ya bao, akapanga upande wake, kisha akanyoosha mkono akapanga na wangu: sita kwenye nyumba, mbili, mbili. Akanisogezea rundo la 22. Alisema neno moja tu, "Namua."

Kanuni nilizijua, nilikuwa nimezisikia siku sita mfululizo na utoto wangu wote kabla ya hapo. Lakini mkono haukuwa na habari. Mara ya tatu niliponyoosha kete kwenda nisikopaswa, alinishika kifundo kwa vidole viwili. Alikula nyumba yangu mapema, kisha akaifagia safu yangu ya mbele yote, nami nina kete tisa bado kiganjani. Kufungwa hivyo, kabla kete hazijaisha mkononi, ndiko wachezaji wanakokuita mkononi, na kwa mchezaji yeyote wa Jambiani ni aibu. Niliziweka zile tisa juu ya bao nikaanza kukusanya vikombe.

Baba akasema, "Acha vikombe." Alikuwa ameshaanza kupanga upya.